Kusubu Alumini Uani: Ogopa Maji Kuliko Moto

Chini ya sikio langu la kushoto kuna kovu dogo kama punje ya mtama. Lilinipata Jumapili moja asubuhi, nyuma ya nyumba, nikiwa nimeinamia chungu cha alumini iliyoyeyuka. Nilitaka kuondoa taka zilizoelea juu, nikachukua kijiko cha chuma ambacho nilikuwa nimekisahau kwenye majani usiku kucha. Sikukifuta. Kilipogusa alumini kilialika kama fataki, na tone moja likapita karibu na jicho, likatua chini ya sikio. Matone mengine niliyakuta baadaye yameganda kwenye gome la mwembe, hatua nne kutoka tanurini. Yote hayo yalikuwa kazi ya umande.

Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Kwenye birika la chai mvuke hupanda zake ukaenda. Yakinaswa chini ya alumini ya moto mkali, mvuke hauna njia nyingine ila kuirusha alumini hewani.

Mtu akisikia unajenga tanuri uani, atakuuliza habari za moto. Lakini moto unaonekana, na mwenye akili timamu hukaa nao mbali. Maji hujificha kwenye udongo wa tanuri, kwenye mchanga wa kalibu, ndani ya kipande cha injini, kwenye sakafu na kwenye koleo. Sehemu kubwa ya nitakayokueleza ni jinsi ya kuyatafuta na kuyafukuza kabla hayajakutafuta wewe.

Kiswahili kina neno lake la kazi hii: kusubu, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu yapate umbo. Siku hizi wengi husema "kuyeyusha" tu, ila kuyeyusha ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi.

Anza na alumini. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, joto ambalo mkaa na feni ndogo hulifikia bila taabu. Shaba inataka nyuzi 1,085. Shaba ya njano, ile ya mabomba na vitasa, huyeyuka kwenye nyuzi 900 na kitu, lakini ndani yake mna zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907. Utaona moshi mweupe unatoka, na ukiuvuta, usiku utatetemeka kwa homa ukidhani ni malaria. Iache mpaka mkono uzoee. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, hata kwenye jiko la kawaida, na wepesi huo ndio mtego wake. Ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi. Usiiyeyushe nyumbani kabisa.

Na chuma? Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Wahaya wa Kagera walitengeneza chuma kwa karne nyingi kutokana na mawe, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science jinsi mafundi wale walivyoingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri, hewa ya mivukuto ikapata joto kabla ya kufika motoni. Hata hivyo hawakumimina chuma kama maji. Walipata bonge, wakalifua kwa nyundo. Kwa hiyo mtu akikuambia atasubu chuma kwa draya ya nywele, mwache aendelee na soga zake. Sisi tuazime kwa Wahaya kitu kimoja: matanuri yao waliyajenga kwa udongo wa kichuguu.

Udongo huo ndio nilioutumia mimi. Mchwa hupandisha juu udongo laini unaoshikana, na kazi ya kuuchagua wamekwisha kukufanyia. Uvunje, uanike, utwange, uuchekeche. Peke yake utapasuka ukikauka, kwa hiyo unahitaji mifupa: vigae vya vyungu au matofali ya kuchoma yaliyotwangwa hadi yawe kama chenga za mchele. Ongeza vumbi la mbao. Litaungua tanuri likichomwa na kuacha vitundu vidogo vya hewa, navyo huzuia joto lisikimbie. Kipimo changu ni makopo matatu ya udongo, mawili ya vigae, moja la vumbi la mbao. Saruji ya kawaida usiiweke upande unaotazama moto. Joto huivunjavunja, na vipande vyake hurukia chunguni.

Maji ya kukandia yawe machache kuliko unavyofikiri. Fanya tonge la ukubwa wa ngumi, liangushe kutoka usawa wa kiuno. Likisambaa kama uji, umezidisha. Likipasuka vipande vingi, ongeza kidogo. Likibonyea na kubaki tonge, hapo hapo.

Ganda la nje ni ndoo ya bati ya rangi, ya lita 20. Usikate mtungi wa gesi wa zamani kwa ajili hii, maana hata ulio "mtupu" unaweza kuwa na gesi ya kukuua. Weka udongo sentimita sita chini, ukiacha tundu la upana wa kidole katikati ya sakafu, ili chungu kikipasuka alumini ichuruzike nje kwenye mchanga mkavu. Simamisha katikati kipande cha bomba la plastiki la inchi 6 ulilozungushia gazeti lililopakwa mafuta, kisha shindilia udongo pembeni, tabaka kwa tabaka. Sentimita tano hivi juu ya sakafu ya ndani pitisha bomba la chuma la inchi moja na nusu la kuingizia hewa, mdomo wake wa nje ukiwa juu kidogo kuliko wa ndani. Mfuniko ni udongo huo huo ndani ya pete ya bati, na tundu la kutolea moto katikati.

Sasa inakuja sehemu ambayo wengi huiharibu kwa haraka. Utakuwa umemaliza Jumapili jioni, bomba la plastiki limetoka vizuri, tanuri linapendeza, na mkono unawasha kutaka kulijaribu. Subiri. Liache kivulini wiki mbili, siku za mwanzo ukilifunika kwa gunia lenye unyevu ili likauke taratibu ndani na nje kwa pamoja. Kisha washa vipande vitatu vya mkaa bila feni, uache vizimike vyenyewe. Kesho yake sita. Kesho kutwa zaidi. Kila moto ukizimika na tanuri likiwa bado na uvuguvugu, funika mdomo wake kwa kipande cha kioo. Kioo kikiingia ukungu, maji bado yamo ukutani. Mimi kioo kilibaki kikavu siku ya tano, na siku ya sita ndipo nilipowasha feni. Nyufa nyembamba zitatokea tu. Zisikutie hofu, zizibe kwa udongo ule ule na uzikaushe kwa utaratibu huo huo.

Feni haina makuu. Feni ndogo za kuchochea mkaa zinauzwa, na draya ya nywele iliyowekwa kwenye hewa baridi inatosha. Ila kumbuka hili: ukizima feni, chomoa mara moja bomba linaloiunganisha na tanuri. Gesi ya mkaa hurudi nyuma ikajaa kwenye feni, na ukiwasha tena inaweza kulipuka. Gesi hiyo ndiyo huua watu waliolala na jiko chumbani, kwa hiyo kazi yote hii ni ya nje, penye upepo, mbali na madirisha ya jirani.

Chungu cha kuyeyushia kilicho bora ni cha grafiti na udongo, cha kununua. Ukikikosa, mwambie fundi wa kuchomelea akate sentimita 14 za bomba jeusi la inchi 3 na kuliziba chini kwa bati nene. Liwe bomba jeusi kweli. Bomba la maji lililopakwa zinki litakuletea moshi ule ule mweupe. Kijaze maji usiku kucha kuangalia kama mchomo unavuja, halafu kibanike motoni mpaka ujiridhishe kwamba hata tone halikubaki. Alumini hula chuma polepole, kwa hiyo paka uji wa udongo ndani, ukauke, na kila mara kabla ya kuwasha kigonge kwa nyundo na kukikagua. Ukuta ukianza kuwa mwembamba, kitupe. Chungu cha elfu chache kisikugharimu mguu.

Alumini yenyewe itoke wapi? Wengi hukimbilia makopo ya soda kwa sababu yametapakaa. Ni usumbufu. Bati la kopo ni jembamba, ndani lina plastiki, nje lina rangi, na sehemu kubwa huungua ikawa taka. Alumini ya madirisha huyeyuka vizuri lakini hupasuka ikiganda. Tafuta kilichowahi kusubiwa: pistoni, vichwa vya silinda, maganda ya gia boksi. Hivyo vina silikoni ndani, na silikoni huifanya alumini itiririke na kujaza kona za kalibu. Pistoni tatu nne za gari dogo zinatosha kuanzia.

Nunua kwa muuzaji unayemjua, na umwombe risiti. Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu Januari 2022 baada ya minara ya umeme kuharibiwa, na huna haja ya kukutwa na nati za mnara kwenye gunia lako kwa sababu ya mchezo wa wikendi.

Kabla ya kuyeyusha, kila kipande kipitie mikono yako. Kwanza, tafuta uwazi uliozibwa. Kipande cha injini kinaweza kuwa na tundu lililojaa maji au mafuta, na hilo ni bomu. Kivunje au ukikate. Pili, tafuta magnesi, ambayo hufanana sana na alumini na imo kwenye baadhi ya ringi, misumeno ya injini na maganda ya mitambo. Kwangua kidogo mpaka mng'ao utokee, dondosha siki. Alumini itanyamaza. Magnesi itatoa povu papo hapo. Itenge, kwa sababu ikishika moto huwaka mwanga wa kuumiza macho, na maji huichochea badala ya kuizima. Ndoo ya mchanga mkavu ikae karibu nawe siku zote. Ndoo ya maji usiisogeze hata kwa bahati mbaya.

Tuje kwenye mchanga. Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii. Mchanga wa kalibu unataka kuwa laini kama sukari nyeupe, uliochekechwa kwa chekeche la unga. Ukikaa pwani usiuchote baharini. Una chembe za makombe, na una chumvi ambayo huvuta unyevu kutoka hewani. Chukua wa mtoni. Kwa kila kilo kumi za mchanga changanya kilo moja ya udongo mkavu uliosagwa unga, kisha nyunyizia maji kwa chupa ya dawa ya mbu huku unasugua kwa viganja, kama mtu anayefikicha unga wa muhogo kwa mafuta. Nusu lita kwa kiasi hicho cha mchanga ni nyingi.

Kipimo kipo mkononi. Finya konzi moja kwa nguvu, ufungue kiganja. Alama za vidole zionekane wazi, hata mistari. Livunje pande hilo katikati: mpasuko uwe mkali kama wa biskuti, na kiganja kibaki kikavu. Kikiwa na ubichi, tandaza mchanga juani robo saa. Nimewahi kukaa nusu siku nikiongeza mchanga, nikiongeza maji, nikiongeza mchanga, mpaka mke wangu akauliza ninapika nini. Lakini ukishaupata, unaujua maisha yako yote, na mchanga huo huo utautumia miaka.

Kalibu ni boksi mbili za mbao zisizo na mfuniko wala kitako, zinazokaana juu na chini kwa vigingi. Chonga mfano wa kitu unachotaka kwa mti, usugue kwa msasa, na ubavu wake uwe na mteremko kidogo ili uchomoke bila kubomoa. Ufanye mkubwa kidogo pia, maana alumini ikipoa hunywea kama asilimia moja na ushee. Laza mfano kwenye ubao, weka boksi la chini juu yake, chekecha mchanga, shindilia, pindua. Nyunyiza poda ya mtoto ili boksi mbili zisigandane, weka boksi la juu, toboa njia ya kumiminia na nyingine ya hewa, shindilia tena. Tenganisha boksi, gonga mfano taratibu kuulegeza, uuchomoe, chora kijia cha kuunganisha shimo na njia ya kumiminia, rudisha boksi. Chukua spoku ya baiskeli utoboe vitundu kumi na zaidi kutoka juu hadi karibu na shimo. Mchanga huu una maji, ukumbuke, na mvuke wake lazima upate mlango.

Kitu cha kwanza kiwe kinene na cha kijinga. Changu kilikuwa kirungu cha mfuniko wa sufuria. Usianze na pambo la mlango lenye maua kumi na mawili.

Siku ya kumimina vaa jinzi nzito, shati la pamba la mikono mirefu, viatu vya ngozi, na mguu wa suruali ufunike kiatu badala ya kuchomekwa ndani yake, ili tone likianguka liteleze nje. Nailoni hugandia mwili. Kandambili ziache mlangoni. Glavu za ngozi na kinga ya uso ya fundi wa kuchomelea, iliyo na kioo cheupe. Chini pasiwe saruji, maana saruji nayo hubeba unyevu na hupasuka kwa kishindo ikimwagikiwa. Tandaza mchanga mkavu wa kina cha vidole vinne, kutoka tanurini hadi kwenye kalibu. Watoto, kuku na watazamaji wakae mbali. Mtu mzima mmoja abaki karibu, anayejua kuzima feni.

Weka mkaa, chungu juu yake, mkaa pembeni, washa. Pistoni za kwanza ziingie chungu kikiwa bado cha baridi. Zile zinazofuata ziweke juu ya mfuniko zipate moto kwanza, pamoja na kijiko, koleo na kalibu ya chuma ya kumiminia mabaki. Hakuna kitu cha baridi kinachogusa alumini iliyoyeyuka. Kovu langu ni shahidi.

Kwa nyuzi 700 hivi chungu huonyesha wekundu hafifu, ambao juani hutauona. Ndiyo sababu napenda saa kumi na moja jioni. Vyuma vilivyokuwa ndani ya pistoni vitabaki vizima. Vitoe kwa kijiko pamoja na taka. Alumini ya chini itang'aa kama zebaki. Usikoroge, usiiache ikae motoni kwa dakika nyingi ukijisifu. Ikizidi joto, hunyonya haidrojeni kutoka kwenye mvuke wa hewa, ikaitema inapoganda. Vile vitundu kama vya sindano utakavyoviona ukikata kazi yako ya kwanza, navyo ni kazi ya maji.

Inua kwa koleo linalobana chungu sawasawa, simama ubavuni mwa kalibu, uso wako usiwe juu ya shimo. Mimina mfululizo bila kusita, ujaze njia ya kumiminia mpaka juu. Ukisita, itaganda katikati na utapata nusu ya kitu. Mabaki yaende kwenye ile kalibu ya chuma, yasigandie chunguni. Kisha keti. Dakika ishirini kwa kitu kidogo, na usiguse kwa mkono: alumini ya nyuzi 400 ina rangi ile ile ya alumini ya baridi.

Kazi ikiwa na shimo la kunywea upande mnene, wakati ujao weka njia pana ya akiba juu ya sehemu hiyo. Kona zikikosa kujaa, ilikuwa baridi au hewa haikupata pa kutokea. Ukivunja kalibu ukakuta uso una malengelenge, mchanga ulikuwa mbichi. Kazi zote hizo zinarudi chunguni. Kwenye kusubu hakuna kuharibu mali, kuna kuharibu mkaa tu.

Chochote utakachotoa, usikipikie. Watafiti waliopima sufuria za vyuma chakavu kutoka nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwemo, walikuta risasi ndani yake, na wewe huwezi kujua pistoni zako ziliyeyushwa na nini huko nyuma. Tengeneza vishikio, puli, vitako vya taa, vipuri vya baiskeli ya watoto.

Tanuri langu huwa nalifunika kwa bati kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei, masika yaishe, na miezi hiyo huchonga mifano ya mbao barazani. Wewe nawe, ukiwa umepanga kumimina Jumamosi na Ijumaa usiku ukasikia mvua juu ya bati, geukia ukuta ulale. Mimina Jumamosi nyingine.